Kinasi inazimwa, halafu ndiyo seli inapata juu na chini?

Kijana_Nyegezi: Wadau habari za jioni. Nasoma baiolojia hapa Mwanza, jana tumebishana hosteli mpaka taa zikazimwa. Tunajua kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine, na kwamba kinasi iitwayo aPKC huipa seli upande wa juu na wa chini. Sasa nasoma kwamba aPKC lazima pia izuiwe ili pande hizo zipatikane. Inakuwaje? Mtihani wiki ijayo.

DadaSlaidi: Mdogo wangu, mimi nashinda na slaidi za tumbo maabara, kwa hiyo swali lako naliona kwa macho. Seli za utando wa ndani wa tumbo zimesimama wima, kiini cha zambarau kimekaa chini, ute umejaa juu. Mpangilio ule unalindwa muda wote.

aPKC hukaa juu. Ikikutana na protini iitwayo PAR-1 inaibandika fosfati, PAR-1 inabanduka kwenye utando wa seli. PAR-1 nayo ni kinasi, na kule chini inaifanyia hivyo hivyo PAR-3, protini ambayo ni mwenza wa aPKC. Wanafukuzana. Sasa fikiria aPKC ifanye kazi kila mahali: PAR-1 itakaa wapi?

Ndiyo maana aPKC inasafirishwa ikiwa imezimwa. Hili limeonekana vizuri kwenye yai la mnyoo C. elegans, ambako Kenneth Kemphues na wenzake waliripoti jeni za par, zinazotengeneza protini hizi za PAR, mwaka 1988. Kule pande ni mbele na nyuma, badala ya juu na chini. PAR-3 hujikusanya vifungu vifungu, vimebeba aPKC na mwenzake PAR-6, na mkondo wa kwenye uso wa yai unavisukuma kwenda mbele. Humo kwenye vifungu aPKC haibandiki kitu. Ikifika mbele inapokelewa na protini nyingine, Cdc42, hapo ndipo inaanza kazi. Uzuri ulioje! Mpaka leo nikiwaza hili nasisimka.

Kijana_Nyegezi: Asante sana dada. Na ikizimwa moja kwa moja, kwa dawa?

DadaSlaidi: Protini za nyuma, kama PAR-2, zinaenea mpaka mbele, hakuna wa kuzifukuza. Kwenye mtihani usiandike tu "inazuiwa". Andika inazuiwa wapi, na hadi lini.

Muuza_Dagaa_Kirumba: Samahani wataalamu, mimi niko mwaloni, shule niliishia la saba. Nina vidonda vya tumbo, nimeambiwa ni bakteria. Haya yananihusu?

DadaSlaidi: Yanakuhusu kabisa kaka yangu. Bakteria hao, Helicobacter pylori, baadhi ya aina zao huingiza, kama kwa sindano, protini iitwayo CagA ndani ya seli za tumbo. Mwaka 2007 Masanori Hatakeyama na wenzake, Japani, walionyesha kwamba CagA inaing'ang'ania PAR-1 na kuizuia isifanye kazi. Seli zinaachiana pale zilipobanana, juu na chini vinavurugika. Ni njia mojawapo inayowaunganisha bakteria hawa na saratani ya tumbo. Usiogope lakini: wengi walio nao hawapati saratani, na wanatibika kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Maumivu yakipoa usiache vidonge, maliza dozi yote, kisha urudi kupima kama wameisha.

Kijana_Nyegezi: Kumbe bakteria naye anazuia kinasi! Naenda kuwaonyesha wenzangu.