Grafu ya 2x + y = 5 imekunjika kama paa la makuti

MwanaAmu
Assalaam aleikum wakuu. Swali lasema: chora 2x + y = 5 na y = x − 1 kwenye karatasi moja, x kuanzia −2 hadi 3, kisha usome zinapokatana. Huo wa pili umenyooka bila taabu. Wa kwanza, jedwali langu ni hili:

x: −2, −1, 0, 1, 2, 3
y: 1, 3, 5, 3, 1, −1

Nikiunganisha, inapanda hadi 5 halafu inashuka, paa la makuti kabisa. Ajabu ni kuwa zinakatana (2, 1), na jibu la kitabuni ni hilo hilo. Niiache hivyo?

TichaMalindi
Waaleikum salaam. Usiiache. Mlinganyo ambao x na y zimezidishwa kwa namba tu kisha kujumlishwa au kutolewa, bila x², xy wala x chini ya alama ya kugawanya, hutoa mstari mnyoofu. Ukikunjika, kosa li jedwalini.

Geuza kwanza: y = 5 − 2x. Kwa x = −2 wewe umefanya 5 − 4. Weka mabano: 5 − 2(−2) = 5 + 4 = 9. Kwa −1 ni 7. Upande wa chanya ulikuwa sawa tangu mwanzo, na makutano yameangukia upande huo, ndiyo maana jibu limepona. Yangekuwa kushoto ungeumbuka.

Kabla hujagusa penseli, pitisha jicho kwenye y: x ikiongezeka 1, y ibadilike kwa kiasi kile kile. 9, 7, 5, 3, 1, −1, yashuka 2 kila hatua. Yako ilipanda 2 mara mbili ndipo ikaanza kushuka.

BinNahodha
Nukta sita za nini kwa mstari mnyoofu? x = 0, y ni 5. y = 0, x ni 2.5. Piga rula, kwisha.

TichaMalindi
Mbili zatosha kuchora, hazitoshi kujikagua. Ukikosea moja, rula itakupa mstari mzuri tu, wa uongo. Ongeza ya tatu iliyo mbali nazo, mfano (−2, 9). Na swali likidai jedwali, jedwali lina alama zake.

Mpimaji_Shela
Angalia na kipimo. Sasa y yaenda −3 (ya y = x − 1 kwa x = −2) hadi 9; sm 2 kwa kila kizio zitakula sm 24 za karatasi. Chukua sm 1 kwa kizio kwenye y, sm 2 kwenye x.

Ila hapo pana mtego: mteremko usiuhesabu kwa visanduku. Kwa vipimo hivyo mstari wako utashuka sm 2 kwa kila sm 2 za kwenda kulia, na mwenye haraka ataandika −1. Soma namba za mihimili: toka (0, 5) hadi (2, 1), y imeshuka 4, x imeongezeka 2. −4 ÷ 2 = −2.

Jingine, kwa waliozoea ramani za bahari: ramani hutaja latitudo kwanza. Lamu ni kama nyuzi 2.3 kusini, 40.9 mashariki. Kwenye grafu mashariki ndiyo x, na kusini ni y hasi, kwa hivyo ni (40.9, −2.3). Ukiigeuza iwe (−2.3, 40.9), Lamu yaenda kukaa Hispania.

MwanaAmu
Shukran, umenyooka. Linalofuata ni y = x² − 4, x toka −3 hadi 3. Kwa −3 kalkuleta yanipa −13, kwa 3 yanipa 5. Na hii yapaswa kunyooka?

TichaMalindi
Hapo pana x², kupinda ni haki yake. Lakini −13 si yake. Umebofya −3² bila mabano, kalkuleta ikapiga 3² kwanza, hasi ikaibandika baadaye. (−3)² = 9, toa 4, ni 5. Safu nzima ya y: 5, 0, −3, −4, −3, 0, 5. Kushoto na kulia zafanana. Zisipofanana, rudi kwenye mabano.

Rula weka kando, unganisha kwa mkono mmoja usiokatika. Wengi huharibu pale chini kwenye (0, −4): huchora ncha, au hulaza sakafu. Tafuta x = 0.5 na −0.5, zote y ni −3.75. Tia nukta hizo mbili, tumbo la mchoro litajionyesha.