Rameni ya supu nzito ya kuku Tokyo, naagizaje?

Swali: Habari wakuu. Niko Tokyo kikazi. Mtaani ninapokaa kuna mgahawa mdogo wa rameni ya kuku (tambi za Kijapani ndani ya supu), foleni yake inafika kona. Supu nyeupe, nzito. Wanatia maziwa? Na asiyejua Kijapani anaagizaje?

Jibu: Mkuu, kwa kawaida hamna maziwa. Hiyo ni tori paitan. Mifupa na miguu ya kuku huchemshwa kwa moto mkali saa nyingi, mpaka mafuta yashikane na maji. Ndipo inakuwa nyeupe. Moto ukiwa mdogo, supu hubaki angavu. Mimi huanza na supu tupu kabla sijagusa tambi: midomo inanata kidogo, halafu utamu wa kuku unakuja polepole. Usikimbilie pilipili, nakusihi!

Kuagiza ni rahisi. Mlangoni huwa kuna mashine ya tiketi: tia pesa, bonyeza, mpe mhudumu tiketi. Kitufe cha juu kushoto mara nyingi ndicho chakula wanachojivunia.

Jibu: Beba noti za yeni 1,000. Mashine nyingine hazipokei kadi, na za zamani zinakataa noti mpya za Julai 2024.

Muuliza swali: Asanteni. Sili nguruwe, niko salama?

Jibu: Hapana, uliza kwanza! Supu yaweza kuwa ya kuku na nyama ya juu, chashu, ikawa nguruwe. Sema "buta nashi", yaani bila nguruwe. Ila hiyo haimaanishi ni halali. Kwa hilo tafuta mgahawa wenye cheti.