Mheshimiwa akija kanisani na bahasha: tupokee au turudishe?

Mleta mada

Bwana asifiwe, wapendwa. Na msiosalimiana hivyo, hamjambo.

Mimi ni mtunza hazina wa kanisa dogo la Kianglikana huku Bonde la Ufa. Kazi yenyewe si kubwa kama jina lake. Ibada ikiisha tunaingia ofisini watu watatu, tunamwaga kikapu mezani, tunanyoosha noti za hamsini zilizokunjwa hadi zikawa kama njugu, tunahesabu mara mbili, tunatia sahihi. Jumapili ya kawaida tunapata kama elfu kumi na mbili, pamoja na zilizoingia kwa Paybill, ile namba ya kulipia kwa simu. Mabati ya upande wa kwaya yameoza. Mvua ikinyesha, sauti ya pili inaimba ikiwa na ndoo katikati.

Mwaka jana mheshimiwa mmoja wa huku kwetu alitutembelea. Alifika mahubiri yakiwa katikati, na kasisi akayakata hapo hapo ili ampokee. Akapewa maikrofoni. Alisoma mstari mmoja wa Zaburi, kisha kwa dakika arobaini akawachambua wapinzani wake mmoja mmoja, na watu wakacheka, nami nikacheka. Mwisho akatangaza laki tatu za mabati. Bahasha nilipoifungua ilikuwa na elfu arobaini. Nyingine "zinafuata".

Binti yangu ana miaka ishirini na alikuwa kwenye kwaya siku hiyo. Alivua joho, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Hajarudi hadi leo. Jioni nilijaribu kumweleza kwamba kanisa ni la Mungu, si la wanasiasa. Akaniuliza, "Baba, si ni wewe ulizihesabu?"

Sasa msaidizi wa mheshimiwa amepiga simu. Bosi wake anataka kuja kumaliza deni la mabati, na anaomba "muda kidogo wa kusalimia watu". Baraza letu limegawanyika, na ndiyo maana nimeleta jambo hili hapa.

Msimamo wangu ni kwamba tukatae. Si sisi wa kwanza. Tarehe 12 Septemba 2021 kule Butere, siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Anglikana nchini Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia. Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwa wameketi pale pale. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza michango ya Rais Ruto kwa kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi, irudishwe: shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadri na 600,000 za kwaya na watoto wa PMC, chama cha watoto cha Kikatoliki. Laki mbili za Gavana Sakaja wa Nairobi nazo zikarudi. Siku chache kabla ya hapo maaskofu Wakatoliki walikuwa wameilaumu serikali kwamba inasema uongo, na wangetazama vipi watu usoni huku parokia inapiga makofi kwa hundi?

Wengine wameenda njia nyingine. Machi 2025 kanisa moja la Roysambu liliahidiwa milioni 20 na Rais. Jumapili iliyofuata vijana waliandamana nje yake, na polisi wakarusha vitoa machozi. Fikirini hilo: watu wanaimba pambio ndani huku macho yanawawasha.

Sisemi pesa ya mheshimiwa ni ya wizi, maana sina ushahidi, na kumshuhudia mtu uongo ni dhambi pia. Ninachosema ni kwamba ananunua kitu ambacho si chetu kuuza. Watu walikuja kumsikiliza Mungu, na sisi tukakodisha masikio yao kwa elfu arobaini. Hesabu ya watu ya 2019 inasema Wakristo ni zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya, na tumezoea kuitaja takwimu hiyo kama kombe. Binti yangu naye alihesabiwa humo.

Karibuni. Mnaopinga pia.

Mtumishi wa Kitui

Ndugu mtunza hazina, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu, ila sikubaliani nawe.

Mimi nachunga makanisa matatu. Moja liko chini ya mgunga, nalo lina kila kitu isipokuwa paa. Ukame ukizidi, watoto wa Jumapili wanakuja kwa sababu kuna uji. Unga wa uji huo ulinunuliwa na diwani. Niambie nimrudishie kwa njia gani, niwatapishe watoto?

Halafu twende mbele. Ukianza kuikagua sadaka utaishia wapi? Kikapu chako kina noti ya mama anayepika chang'aa, ya askari wa barabarani, ya karani wa ardhi ambaye faili haitembei kwake bila kitu kidogo. Hao huwaulizi. Unamuuliza mheshimiwa kwa sababu ana msafara.

Na kuna kisa kimoja hukukitaja. Yuda alipovitupa vile vipande thelathini hekaluni, makuhani wakuu walikataa kuvitia katika sanduku la sadaka, wakasema si halali, ni pesa ya damu. Mikono iliyomlipa Yuda ilikuwa ya nani? Ni yao wenyewe. Walikuwa waangalifu sana kuhusu sanduku. Mathayo 27, kasome. Mtu anaweza kurudisha bahasha na bado asiwe safi.

Mkulima wa Miwa

Wakenya walimbandika Rais jina la Zakayo kwa sababu ya ushuru. Zakayo wa Luka 19 aliposhuka mtini hakuomba maikrofoni. Nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowanyang'anya akasema atawarudishia mara nne. Jengo halikupata hata msumari. Mheshimiwa wenu aanzie hapo.

Binti wa Kayole

Shikamoo baba mtunza hazina. Sikufahamu, ila binti yako namfahamu, kwa maana ya kwamba mimi ni yeye.

Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, tulikuwa tukiyaandikia makanisa yetu tukiyaomba yaseme neno. Lile la kwetu lilitangaza semina ya ndoa. Tarehe 25 nilikuwa mjini. Sitaeleza niliyoyaona, mengi mliyaona kwa simu. Nataka kusema jambo dogo tu. Tulipokuwa tunakimbia, watu walikuwa wanaomba. Kwa sauti. Kijana mmoja aliyekuwa amejifunga bendera kichwani alikuwa anarudia "Bwana ndiye mchungaji wangu" na hakufika hata mstari wa pili, anaanza upya, anaanza upya. Kwa hiyo mchungaji akisema vijana wamepoteza imani, mimi huuliza anazungumzia imani ipi. Kuna wengine tulitoka na imani yetu mfukoni.

Mtumishi wa Kitui, uji haunikeri. Diwani alete unga hata gunia kumi. Kinachoniudhi ni maikrofoni. Kama mheshimiwa ni muumini, aketi kwenye benchi, asimame tukisimama, atoe sadaka kikapu kikipita kama mama yangu anavyotoa. Mbona yeye tu ndiye sadaka yake inasomwa kwa sauti?

Mtumishi wa Kitui

Dada, hapo umenishika. Diwani wetu alisema maneno mafupi siku ya unga. Vizuri, hayakuwa mafupi.

Mzee wa Chepkoilel

Wanangu, mimi ni mzee, niruhusuni nirefushe kidogo.

Mwaka 1990 nilikuwa muumini katika dayosisi ya Eldoret. Askofu wetu alikuwa Alexander Muge. Waziri Peter Okondo alimwambia hadharani asikanyage Busia, na kwamba akienda huenda asitoke hai. Tarehe 14 Agosti Muge akaenda, akahubiri, na wakati wa kurudi gari lake likagongana na lori, akafa. Nilikuwa miongoni mwa waliolia barabarani. Basi watu wa rika langu hupenda kuwaambia kwamba kanisa la enzi zile lilikuwa na uti wa mgongo.

Lilikuwa nao kwa watu wachache. Tusidanganyane. Miaka ile ile, taarifa ya habari ya Jumapili jioni ilifunguliwa na Rais Moi akitoka kanisani, na kila dhehebu lilitamani zamu yake ifike. Harambee zilichangwa, orodha zikasomwa, tukapiga makofi. Huyo Muge alikuwa mwiba hata kwa wachungaji wenzake, na walikuwapo waliomwona anatuharibia mambo. Kumsifu kulikuja baada ya mazishi.

Kisha ikaja Januari mosi, 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Kiambaa si mbali na mjini Eldoret. Watu waliokimbilia kanisani wakachomwa humo ndani, wengi wao kina mama na watoto. Wachomaji hawakutoka nchi nyingine. Baada ya hapo kwa miezi mingi nilikuwa nikiingia ibadani nakaa karibu na mlango. Mke wangu alidhani ni kibofu.

Sikuacha kuomba, lakini sikuwa na la kumwambia mtu. Kilichonirudisha mbele ni jirani wa kabila lingine aliyerudi kwenye shamba lake lililoteketezwa, akaniomba jembe. Hakuomba msamaha wangu wala hakutoa wake. Aliomba jembe. Nikampa, tukalima, na Jumapili akaja akaketi nami pale mlangoni.

Kwa hiyo kuhusu bahasha, mimi ningeikataa, ila nisingetarajia kwamba ukiikataa kanisa litapona. Na wewe mtunza hazina usimngojee binti yako arudi kwa sababu ya uamuzi wa baraza. Nenda ukamsikilize. Mambo ya mabati yana siku zake.

Mkulima wa Miwa

Mzee, hapo kwenye kibofu nimecheka kisha nikaona aibu.

Mleta mada

Ahsanteni wote. Mtumishi wa Kitui, hoja yako ya makuhani wakuu nimelala nayo siku tatu na haijanitoka. Ni kweli, ningeweza kuikataa bahasha ili binti yangu anione, na hiyo ingekuwa siasa yangu mwenyewe. Kuhusu mama wa chang'aa nakujibu hivi: yeye hutia noti yake na kurudi kuketi. Hajawahi kuniomba dakika ya kusalimia watu.

Baraza lilikutana Jumamosi. Tuliketi kwa muda wa saa nne hivi, chai ikapoa. Mzee mmoja alisema tukimkataa mheshimiwa, barabara ya kuja hapa haitawekwa hata changarawe, na sina uhakika kama amekosea. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama akauliza nani atanunua mabati basi, na sisi tuliokuwa na msimamo mkali tukatazama chini. Mwishowe tulichukua karibu kabisa maneno ya Binti wa Kayole: mheshimiwa anakaribishwa kama muumini yeyote, ataketi, hatahutubia, na akitaka kutoa, namba ya Paybill ni ile ile ya kila mtu. Kura zilikuwa saba kwa tano. Kasisi hakupiga kura.

Mzee wa Chepkoilel, nilienda kwa binti yangu. Anakaa na mwenzake karibu na chuo. Sikumwambia habari ya kura. Tulikula ugali na sukuma, akaniuliza kama ndoo bado iko katikati ya sauti ya pili. Nikasema iko. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza.

Namba ya Paybill nilimtumia msaidizi wa mheshimiwa tangu Jumatatu. Alijibu kwa kidole gumba. Hadi naandika hapa haijaingia hata shilingi. Jumapili ilinyesha sana, tukawasogeza kwaya upande wa kina mama, na katika kikapu zilipatikana elfu tisa mia nne na sitini.