Naomba ushauri: kuonyesha L'Inferno ya 1911 kwenye klabu ya filamu

Mpenda_Picha
Wakuu, habari za jioni. Zamu yangu ya kuchagua filamu ya kutisha imefika, na roho imeangukia L'Inferno ya Milano Films, iliyotokana na utenzi wa Dante, mshairi wa Italia, kuhusu safari ya motoni. Haina sauti na inapita saa moja. Mimi naipenda mno, hasa pale Bertran de Born, mmoja wa wanaoadhibiwa motoni, anapotokea amekishika mkononi kichwa chake kilichokatwa. Ila wenzangu wengi hawajawahi kuona filamu bubu. Nifanyeje wasichoke mapema?

Mama_Reli
Kwanza nakala. Tafuta iliyokarabatiwa na Cineteca di Bologna, hifadhi ya filamu ya Italia. Kwenye nakala mbovu nyuso hazionekani, na mtu asiyeona uso hawezi kuogopa. Kabla ya kuanza, waonyeshe michoro miwili mitatu ya Gustave Doré, Mfaransa aliyeuchora utenzi huo. Waongozaji wa filamu, Bertolini, Padovan na de Liguoro, waliifuata michoro hiyo kwa karibu sana, kwa hiyo watu watakaa wakisubiri kila mchoro uanze kutembea. Lusiferi akitokea anatafuna mtu, hapatakuwa na wa kushika simu.

Kijana_wa_Pangani
Muziki usiufanye mzito. Ile DVD ya 2004 yenye muziki wa Tangerine Dream, bendi ya Kijerumani ya muziki wa elektroniki, mimi inanitoa kabisa kwenye picha. Na yale maandishi yanayotokea katikati ya picha usiwaachie wasome wenyewe. Weka mtu mwenye sauti ayasome kwa Kiswahili, kama watafsiri wa vibanda vya video wanavyofanya. Watu wetu wamezoea kusimuliwa picha, hapo ndipo utawashika.

Abuu_S
Ndugu yangu, jambo moja zito. Katika kanto (sura ya utenzi) ya 28 Dante amemweka Mtume wetu (S.A.W.) motoni, na filamu imekionyesha kipande hicho. Kwetu Waislamu inaumiza. Kiruke, na uwaambie watu mapema kwamba umekiruka na kwa nini. Pia kuna miili mitupu, watoto wasiwepo.

Mpenda_Picha
Abuu, shukrani sana, nitakiruka na nitasema wazi. Kijana, wazo la msimulizi nimelichukua. Kuna mwenye tafsiri ya maandishi hayo?

Mama_Reli
Sijaiona. Tafsiri mwenyewe, sentensi ziwe fupi, na msomaji afanye mazoezi na picha ikitembea. Kwenye kipande cha Ugolino, mwingine wa waliomo motoni, akitafuna fuvu la askofu mkuu, mwambie anyamaze kabisa.