Misri bingwa wa kikapu wa ULAYA mwaka 1949, hii imekaaje wakuu?

Chui_Tanga

Wakuu habari za jioni, naomba kueleweshwa maana hapa nyumbani tumebishana mpaka chai imepoa. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunapitia orodha ya mabingwa wa EuroBasket, yaani mashindano ya timu za taifa za kikapu za Ulaya, tunashuka nayo taratibu toka mwanzo, 1935 Latvia, 1937 Lithuania, 1939 Lithuania tena, vita ikapita hapo katikati, 1946 Chekoslovakia, 1947 Sovieti, alafu 1949 imeandikwa MISRI. Dogo akasema hiyo ni makosa ya mtu aliyeandika, haiwezekani nchi ya Afrika ikawa bingwa wa Ulaya, mimi nikamwambia labda walialikwa tu kama wageni, akaniuliza mgeni gani anakuja anaondoka na kombe? Nikakosa jibu kwakweli.

Kwahiyo maswali yangu ni haya, Misri waliingiaje kule, walimfunga nani, na kwanini haikutokea tena? Mwenye kujua atushushie maana mimi kikapu nilianza kufuatilia juzijuzi tu, huko nyuma kote giza.

Babu Rimu

Kijana wangu si makosa, ni kweli kabisa, na usiseme "kule" kwasababu mashindano yenyewe yalichezwa Cairo! Ndio, ubingwa wa Ulaya ulichezwa Afrika, mwezi wa tano 1949.

Ilikuwa hivi. Mashindano ya kabla ya hapo yalifanyika Prague 1947, timu 14, Sovieti akachukua dhahabu, Chekoslovakia fedha, na shaba akachukua Misri, walimfunga Ubelgiji kwenye mechi ya mshindi wa tatu. Sasa kuandaa yanayofuata ilitakiwa aandae bingwa, Sovieti hakuandaa, wa pili naye hakuandaa, ikashuka mpaka kwa wa tatu, Misri wakasema leteni kwetu. Timu nyingi za Ulaya hazikufunga safari, wakapatikana saba tu: Misri mwenyewe, Ufaransa, Ugiriki, Uturuki, Uholanzi, Syria na Lebanon. Kwa uchache huo hapakuwa na makundi wala nusu fainali wala fainali, ilikuwa kama ligi, kila mtu anacheza na kila mtu, mechi sita kila timu. Misri akashinda zote sita. Ufaransa akapoteza moja tu, hiyo ya Misri, akawa wa pili. Ugiriki wa tatu, Uturuki wa nne, Uholanzi wa tano, Syria wa sita, Lebanon hakuambulia ushindi.

Na kuhusu waliingiaje, wakati ule shirikisho la dunia FIBA (limeanzishwa Geneva 1932) lilikuwa halijagawa mabara kama leo. Afrika haikuwa na mashindano yake, Asia nayo hivyohivyo, kwahiyo nchi za pembeni ya Mediterania zilikuwa zinacheza na Ulaya. Misri walishaonekana hata Riga 1937 huko.

Point Guard Temeke

Asante mzee kwa somo lakini tuseme ukweli hapa, timu za Ulaya zilikuwa nne tu. Sovieti hayupo, Chekoslovakia hayupo, Italia hayupo, Hungaria hayupo, yaani wote waliopanda jukwaani 1946 na 1947 hawapo isipokuwa Misri mwenyewe. Alafu yuko nyumbani, mashabiki wake, joto la Cairo la mwezi wa tano, Mholanzi wa watu ametoka kwenye baridi yake anakuja kukimbia hapo. Mimi nacheza kikapu na najua nyumbani maana yake nini. Hilo lilikuwa bonanza wakuu, tusijipe sifa za bure kwasababu tu ni ndugu zetu wa Afrika, kama mwenye nguvu hayupo huwezi kusema umemshinda.

Mama Takwimu

Kaka Point Guard nakuheshimu ila hapo kwenye bonanza nakataa, na nakataa kwa ushahidi sio kwa mapenzi.

Kwanza Ufaransa unayemuona hapo sio timu ya kuokoteza. Mwaka mmoja tu nyuma yake, Olimpiki ya London 1948, Ufaransa alicheza fainali na Marekani akachukua medali ya fedha. Kocha wao alikuwa Robert Busnel, mtu mzito kwenye historia ya mchezo huu, baadaye akaja kuwa rais wa FIBA kabisa. Huyo ndio amekuja Cairo akafungwa. Kwahiyo aliyefungwa na Misri ni wa pili wa Olimpiki, sasa hilo ni bonanza gani?

Pili, shaba ya 1947 aliitoa wapi? Prague, sio nyumbani, hakuna joto la Cairo pale, na Sovieti yupo na Chekoslovakia yupo. Na ile Sovieti ilikuwa imejaa watu wa Baltiki, wakina Stepas Butautas wa Lithuania na Ilmar Kullam wa Estonia, maana hizo nchi zilishamezwa na Sovieti, yaani bingwa wa 1937 na 1939 yumo ndani ya bingwa wa 1947. Kwenye hayo mazingira Misri akamaliza wa tatu kati ya 14.

Tatu, na hii ndio naipenda zaidi. Mwaka 1950 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia, Buenos Aires. Argentina akawa bingwa kwa kumfunga Marekani 64 kwa 50, Chile wa tatu, Brazil wa nne, na wa tano nani? Misri! Ufaransa wa sita, Hispania wa tisa, Yugoslavia wa kumi. Yaani huko mbali kote, bahari nzima wamevuka, hakuna shabiki wa Cairo hata mmoja, na bado Misri ndio alimaliza juu ya timu zote za Ulaya zilizokwenda. Ungekuwa ubingwa wa mezani wangeumbuka pale pale mwaka mmoja baadae.

Point Guard Temeke

Dada umenibana, hiyo ya 1950 nilikuwa siijui na hiyo fedha ya London pia sikuifikiria. Nakubali Misri ilikuwa timu ya kweli. Lakini nabaki na moja, Sovieti hakwenda Buenos Aires pia, na toka 1951 Sovieti alivyorudi Paris akabeba, 1953 Moscow akabeba tena na Misri walikuwepo safari hiyo na hawakupata medali. Kwahiyo mimi nasema hivi, Misri alikuwa kwenye timu tatu nne bora za eneo lile, bora kuliko Ufaransa, ila kumuita bora kuliko Sovieti wa wakati ule siwezi. Hapo sidhani kama tunapishana sana.

Mama Takwimu

Hapo hatupishani kaka.

Kalamu ya Zamani

Mimi sio mtu wa kikapu, ni mwalimu wa historia, lakini huu uzi umenikamata na nataka kuongeza kitu ambacho naona mnakipita. Angalieni tarehe, mwezi wa tano 1949, alafu angalieni hizo nchi saba moja moja zilikuwa kwenye hali gani.

Misri ndio kwanza ametoka kwenye vita ya Palestina, makubaliano ya kusimamisha vita na Israel alisaini kule Rhodes tarehe 24 Februari 1949, yaani hata miezi mitatu haijaisha anapokea wageni wa kikapu. Bado ni ufalme, Farouk yuko kwenye kiti, mapinduzi yatakuja 1952. Lebanon wamesaini mwezi wa tatu. Syria hawajasaini bado, watasaini mwezi wa saba, na mwisho wa mwezi wa tatu jeshi lao limepindua serikali, kwahiyo hawa vijana wa Syria wanakuja Cairo kucheza mpira wakati nyumbani kwao kuna utawala wa kijeshi wa wiki kama saba hivi. Ugiriki ndio usiseme, wako katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, inakuja kuisha ule mwaka wenyewe baada ya mashindano, watu wanauana milimani na timu ya taifa inakwenda Cairo inarudi na shaba. Uholanzi majeshi yake yako Indonesia na mazungumzo ya kuachia nchi ya watu yanaendelea.

Mimi nikiona ile orodha naona ajabu kuwa wamefika saba, tunalaumu kwanini wengine hawakwenda lakini hata hao waliofika wengi wao wameacha moto nyumbani. Na wachezaji wa siku hizo hawakuwa wa kulipwa, mtu ana kazi yake. Mwaka 1949 kutoka Ulaya kwenda Cairo na kurudi, na hapo katikati wiki nzima ya mechi, ni kitu ambacho mwajiri wako lazima akubali kukuachia.

Naomba msamaha kwa kuleta vita kwenye uzi wa michezo ila siwezi kuiona 1949 bila kuyaona hayo.

Babu Rimu

Mwalimu umefanya vizuri sana. Kwenye hiyo shaba ya Ugiriki alikuwepo Faidon Matthaiou, Wagiriki mpaka leo wanamchukulia kama baba wa kikapu chao. Na hiyo shaba waliilinda muda mrefu mno, hawakupata medali nyingine ya EuroBasket mpaka 1987, Athens, wakina Nikos Galis walipomfunga Sovieti 103 kwa 101 muda wa nyongeza. Miaka 38 hapo.

Nai_Mrefu

Salamu kutoka Nairobi wadau. Swali dogo, nimeona mechi za miaka hiyo scores zake ni za chini sana, eti 34-32 fainali ya 1946, 45-44 ya 1951 hapo Paris Sovieti akimpiga Chekoslovakia. Hiyo siku hizi ni robo mbili tu za kwanza. Walikuwa hawajui kutupa ama?

Babu Rimu

Walikuwa wanajua kijana wangu, ila hapakuwa na saa ya kushambulia. Leo una sekunde 24 lazima utupe, zamani timu ikiongoza hata kwa pointi mbili inashika mpira, inapigiana pasi nyuma huko mpaka watu wanachoka, na wewe mpinzani huna cha kufanya isipokuwa kumfuata na kumfanyia faulo. Marekani ligi yao ya kulipwa iliweka sekunde 24 mwaka 1954, FIBA wao wakaja na sekunde 30 mwaka 1956. Ndio maana ukiangalia matokeo ya kabla ya hapo unakuta pointi za kuhesabu kwa vidole. Alafu kumbuka mechi zingine zilichezwa nje, sio kwenye ukumbi, hata Moscow 1953 walicheza uwanja wa wazi, upepo na mvua vinahusika.

Chui_Tanga

Wakuu nimeshiba kabisa. Dogo kasoma yote kimya kimya alafu kaniuliza lile swali la mwisho ambalo naona hatujalimaliza, kwanini haikutokea tena? Misri walifukuzwa Ulaya au?

Mama Takwimu

Hakuna aliyefukuzwa Chui. Walicheza mara nne, 1937, 1947, 1949 na 1953, baada ya hapo hawakurudi. Alafu dunia ikapangwa upya. Asia walianza mashindano yao 1960 kule Manila. Afrika shirikisho la bara likaanzishwa 1961, Cairo hapo hapo, na mashindano ya kwanza ya Afrika yakachezwa Cairo 1962, bingwa akawa Misri tena, ila kwenye orodha ya zamani utakuta jina la Jamhuri ya Kiarabu ya Muungano, msije mkadhani ni nchi nyingine. Sudan wa pili, Morocco wa tatu. Na 1964 Misri akabeba tena kule Casablanca. Kwahiyo walihama ligi tu, wakaanza kubeba ya nyumbani.

Nchi ambayo iliendelea kucheza Ulaya ingawa kwenye ramani iko Asia ni Israel, na mpaka leo wapo, 1979 walifika fainali kule Turin wakafungwa na Sovieti. Lakini nchi ya Afrika kuwa bingwa wa Ulaya ni Misri peke yake na kwa jinsi mabara yalivyogawanywa haitakuja kutokea nyingine.

Na mwambie dogo kitu kimoja zaidi. Mmisri Abdel Moneim Wahby alikuja kuwa rais wa FIBA ya dunia nzima, 1968 mpaka 1976. Kwahiyo kile kizazi cha Misri hakikuishia uwanjani.

Nai_Mrefu

Acha niongeze yangu basi. 1993 mashindano ya Afrika yalikuja hapa Nairobi na Kenya tulimaliza nambari nne, Angola wa kwanza, na wa pili walikuwa hao hao Misri. Mjomba wangu alikuwa anatupeleka, nilikuwa mdogo, nakumbuka kelele tu na viatu vikilia kwa sakafu. Yeye alikuwa anatuambia "hawa Wamisri walikuwa mabingwa wa Ulaya" na sisi tukadhani anatudanganya ndio tutulie. Amefariki sasa miaka sita. Leo ndio nimejua alikuwa anasema ukweli.

Chui_Tanga

Pole sana kaka kwa mjomba. Dogo anasema ahsanteni wote, na kombe la kwanza la BAL, ile ligi mpya ya kikapu ya vilabu vya Afrika, lile la Kigali 2021, alilichukua Zamalek ya Cairo, hilo alikuwa analijua yeye mwenyewe bila kuambiwa.