Naomba ushauri: Tukihamia Mondragón, tuanze na lugha ipi?

Ndugu wanachama, hivi karibuni mimi na mke wangu tutahamia Mondragón, mji mdogo wa viwanda kaskazini mwa Hispania ambao Wabaski, wenyeji wa eneo hilo wenye lugha yao ya Kibaski, huuita Arrasate. Huko padri José María Arizmendiarrieta alianzisha shule ya ufundi mwaka 1943, na mwaka 1956 wanafunzi wake watano wakafungua kiwanda cha majiko, chimbuko la ushirika ambao kila mwanachama ana kura moja. Mfumo huo ndio unaotuvuta.

Nilipoutembelea mji huo, muuza mikate alinisalimu kwa Kibaski, "Egun on" (habari za asubuhi); nikamjibu kwa Kihispania, naye akatabasamu huku akiufunga mkate wangu kwenye karatasi.

Kwa mlioishi huko, je, tuanze na Kihispania au Kibaski, ikizingatiwa kwamba mke wangu atatafuta kazi kiwandani na mtoto wetu ataanza shule?