Meko chini ya makuti hapa Langoni, nihofie au nisihofie?

Mama_Langoni: Asalaam alaykum jamani. Nimehamia nyumba ya kupanga hapa Amu (Lamu), jiko liko juu kabisa chini ya makuti, napikia meko, ule mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Mume wangu asema haina neno, gesi ikivuja itatokea kwenye makuti iende zake na upepo. Mimi usingizi siupati, juzi alfajiri nimesikia harufu. Ni kweli itatoka juu? Maana vichochoro hivi punda wawili hawapishani, sembuse gari la zimamoto.

Fundi_Mkomani: Waalaykum salaam dadangu. Mwambie shemeji gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipandi hiyo, yashuka. Ikivuja huko juu yatambaa sakafuni halafu yateremka ngazi polepole mpaka vyumba vya chini, na huko chini magharibi watu washawasha chetezo cha udi... haya malizia mwenyewe. Na hiyo harufu hutiwa makusudi, gesi yenyewe hainuki, kwa hivyo ukiisikia funga valvu, fungua milango na madirisha, swichi ya taa usiiguse kabisa. Kutafuta inapovujia paka povu la sabuni pale kichomeo kinapokazwa kwenye mtungi, ukiona mapovu yafura ndipo hapo, mara nyingi ni kale kampira ka ndani kamechakaa. Usitafute kwa kiberiti!! wako watu wafanya hivyo wallahi.

Binti_Shela: Na usiku funga valvu ya mtungi hata kama moto umezima, mimi siku hizi siendi kulala bila kuizungusha kwa mkono wangu. Sisi wakati wa kaskazi cheche za makaa zilirukia makuti ya jirani, maji twayateka birikani, lile tangi la maji la nyumba, kwa ndoo watu wamejipanga ngazi nzima, kilichotuokoa ni vijana walopanda wakayavuta makuti yetu chini kwa upembo, ule mti wenye ndoano, kabla moto haujavuka. Tangu hapo upembo mrefu hauondoki pale juu, na ndoo mbili za mchanga, ingawa wanangu washageuza moja ya kuchezea.

Mama_Langoni: Nimepaka sabuni sasa hivi. Limefura kama andazi 😭 Shemeji yenu kanyamaza kimya, yuko njiani aurudisha mtungi dukani.

Fundi_Mkomani: Aubebe wima, asiulaze. Na leo pikieni makaa, lakini chini uani, si huko juu.